Je, kura inaweza kumwondoa msimamizi wa kundi?

SWALI: Ndugu Mhariri, kundi letu la WhatsApp la wauzaji wa soko la Kadutu lina msimamizi anayefuta ujumbe wa kila anayeuliza habari za mchango, na mwezi uliopita alimtoa mama mmoja bila maelezo. Je, tunaweza kumwondoa kwa kura? Muuza vitenge, Bukavu.

JIBU: Mama, kura mnaweza kuipiga, lakini programu haitaitekeleza: ikiwa ndiye aliyeanzisha kundi, wasimamizi wengine hawawezi kumvua usimamizi, hivyo ama atatii mwenyewe, ama mtahamia kundi jipya. Mkihama, andikeni kwanza masharti ya usimamizi. Wikipedia ya Kijerumani, kamusi elezo ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea na yenye wasimamizi wake, ina utaratibu wa kuigwa tangu 2009: wanachama 25 wakitia sahihi ndani ya mwezi mmoja, au 50 ndani ya miezi sita, msimamizi hulazimika kuomba kura upya. Wikipedia ya Kiingereza ilikubali utaratibu unaokaribiana nao mwaka 2024. Naupenda kwa sababu sahihi hizo hazimfukuzi mtu, bali humrudisha mbele ya wapiga kura, naye akapata nafasi ya kujieleza. Idadi yenu pangeni wenyewe, ila isiwe ndogo kiasi kwamba marafiki wa mtu aliyekaripiwa kwa sababu ya kutukana (nao hawakosekani) waweze kumwangusha msimamizi mwadilifu. Tena, kura za WhatsApp kwa kawaida huonyesha majina ya waliopiga, nanyi mnauza meza kwa meza. Pigeni kwa karatasi, zihesabiwe mbele ya wote.