Mfuko wa chakula uliojisokota na bandama inayohama: je, kutoa bandama kunatosha?

SWALI: Mimi ni tabibu wa kituo cha afya. Tulipokea mtoto wa miaka 4, kilo 15, chembe cha moyo kimejaa na kuuma, anajikakamua kutapika bila kutoa kitu, na mpira wa puani uligoma kuingia tumboni. Tukampa rufaa. Huko walikuta mfuko wa chakula umejisokota na bandama iko chini ya kitovu. Mambo haya mawili yanahusianaje? Tungetambuaje mapema? Na kuitoa bandama kunatosha?

JIBU: Chanzo ni kimoja. Bandama na upande wa kushoto wa mfuko wa chakula hutegemea kano zinazoviunganisha vyenyewe, na vilevile na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) na eneo la figo ya kushoto. Mtoto akizaliwa bila kano hizo, au zikiwa legelege, bandama huning'inia kwenye kikonyo kirefu cha mishipa ya damu, na mfuko nao hukosa nanga. Kwa hiyo ukikuta kimoja, kitafute na kingine.

Dalili tatu ulizozitaja ndizo alizozieleza daktari mpasuaji Borchardt mwaka 1904. Mpira kugoma ni dalili kamili, kwa hiyo usiusukume kwa nguvu: ukuta uliotanuka na kukosa damu hutoboka upesi.

Huku kwetu bandama kubwa ya malaria au selimundu tumeizoea mno, na hapo ndipo tunapoteleza. Bandama ya malaria hushuka kutoka chini ya mbavu za kushoto, wala vidole haviwezi kupita juu yake. Inayohama huacha nafasi tupu chini ya mbavu. Uvimbe unaukuta kwingine, ukingo wake una pengo, na ukiusukuma taratibu kuelekea juu kushoto unakubali.

Eksirei ya tumbo, mtoto akiwa wima, huweza kuonyesha mfuko uliojaa hewa wenye mistari miwili ya maji. Ultrasaundi ya Doppler (inayoonyesha mtiririko wa damu) huonyesha bandama ilipo na kama inapata damu. CT scan yenye dawa ya mshipani ya kung'arisha picha huonyesha pia kikonyo kilichojiviringa. Bandama isiyopokea dawa huenda imekufa. Tahadhari: msokoto huweza kuja na kujifungua wenyewe, hivyo picha iliyopigwa maumivu yakishatulia haiondoi ugonjwa.

Kabla ya rufaa: asile wala kunywa. Akiwa na dalili za mshtuko (damu kushindwa kuzunguka vizuri mwilini), mpe dripu ya saline au Ringer mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo (kwake 150 hadi 300), kisha mpime upya kabla ya kuongeza. Mpe dawa ya maumivu na antibayotiki ya mshipani. Jaribu mpira kwa upole. Ukiingia, uache wazi utoe hewa na maji. Nafuu ya mpira isiwadanganye mkamrudisha nyumbani, maana kano bado hazipo.

Kwenye upasuaji, mfuko hupunguzwa hewa na kunyooshwa, kisha rangi yake huangaliwa. Sehemu iliyooza hukatwa. Kiwambo kikaguliwe, kwa kuwa tundu lake ni chanzo kingine cha msokoto. Bandama hunyooshwa pia, ifunikwe kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na kusubiriwa. Ikirudisha rangi, isitolewe: ishikizwe mahali pake, kwa mfuko wa wavu au kwa kutengenezewa kishimo nyuma ya utando wa tumbo.

Sasa swali lako la mwisho: hapana, hakutoshi. Bandama ikitolewa na mfuko ukaachwa huru, unaweza kujisokota tena. Mfuko ushonwe kwenye ukuta wa mbele wa tumbo, na inapofaa kwenye kiwambo, hata kama bandama imetolewa. Soma taarifa ya upasuaji. Kama haitaji kushonwa kwa mfuko, mpigie daktari aliyemhudumia.

Kama bandama imetolewa, mtoto apate chanjo za nimonia, za uti wa mgongo na ya Hib (bakteria Haemophilus influenzae aina b), kwa kawaida kuanzia siku 14 baada ya upasuaji, penisilini ya kila siku, na kinga ya malaria kwa mwongozo wa nchi. Mama aelezwe waziwazi kwamba homa yoyote ni dharura ya siku hiyohiyo, hata usiku, na kipimo cha malaria kikiwa chanya bado mtoto aanzishiwe antibayotiki.