Kitufe kinachorudi kilivyokuwa

Swali: Assalaam aleikum, Mhariri. Kwenye Linux niliigeuza Caps Lock kuwa Ctrl kwa xmodmap, amri ya kupanga upya vitufe, lakini kila nikichomoa kibodi na kuichomeka tena, kitufe hurudi kilivyokuwa. – Msomaji, Wete, Pemba

Jibu: Waaleikum salaam. Kibodi yako haina kosa. Mpangilio wa xmodmap haudumu, kwani kibodi ikichomekwa upya hupewa ramani ya mfumo inayofuta yako. Na chini ya Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini ambao utautambua kwa kuandika echo $XDG_SESSION_TYPE kwenye terminali na kujibiwa wayland, programu nyingi haziufuati kabisa. Kwa Debian au Ubuntu, ambayo ni matoleo ya Linux, andika XKBOPTIONS="ctrl:nocaps" katika /etc/default/keyboard, kisha uiwashe kompyuta upya. Anayetumia GNOME, mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux, achague badiliko hilo katika Tweaks, programu ya mipangilio yake ya ziada, kwa sababu mipangilio ya GNOME huweza kulishinda faili hilo, na hapo ndipo wengi hukwama.