Mota yako ya kwanza: shughuli iko kwenye kukwangua

Ndugu zangu mnaoanza elektroniki, seti ya kutengeneza mota ndogo haina mambo mengi: waya wa shaba, sumaku, pini mbili za nguo na betri ya volti 1.5. Kama huna seti, waya utaupata kwa mafundi wanaosuka mota, na sumaku kwenye spika mbovu. Wengi hukwama kwenye ncha mbili za waya, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Zungushia waya kwenye betri kubwa ya tochi, kama mara 10, ubakize ncha mbili zinazoelekea pande tofauti. Hizo ndizo ekseli, na zinapita kwenye vitundu vya pini, kila pini ikigusa upande mmoja wa betri. Zinyooshe kwa subira. Koili, yaani huo waya uliozungushwa, ikiwa nzito upande mmoja itabembea tu, haitazunguka.

Sasa kukwangua. Waya huu unaonekana mtupu, kumbe umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Ncha ya kwanza ipige msasa pande zote mpaka shaba ing'ae. Kwa ncha ya pili, simamisha koili wima kama gurudumu la baiskeli, laza ncha kwenye ukingo wa meza, kwangua upande wa juu peke yake. Wa chini usiuguse kabisa.

Sababu ni hii. Umeme ukipita muda wote, sumaku huisukuma koili nusu mzunguko, halafu nusu inayofuata huirudisha ilikotoka. Vanishi uliyoibakiza hukata umeme katika nusu hiyo, na koili huimaliza kwa kasi iliyokwisha kuipata. Mota ya waipa ya gari ina komuteta na kaboni za kugeuza mwelekeo wa umeme kila nusu mzunguko. Sisi tunaukata tu. Ukilielewa hili kwa mikono yako, mota kubwa hazitakutisha. Na ukikwangua huku koili imelala, umeme utapita wakati usiofaa: koili itatikisika na kusimama.

Ukishaiweka juu ya sumaku, isukume kidogo kwa kidole, maana mota hii mara nyingi haianzi yenyewe. Ikigoma, piga msasa pini pale zinapogusana na waya kabla ya kulaumu betri.

Jambo moja nalisisitiza kwa wazazi na walimu. Waya wenyewe ni kama mita moja, na ukinzani wake, yaani uwezo wake wa kuzuia umeme, ni mdogo mno, kwa hiyo koili ikisimama huku umeme unapita, waya na betri hupata moto upesi. Chomoa mara moja. Betri ya simu au ya gari usiitumie kamwe kwa kazi hii.

Ikizunguka vizuri, geuza sumaku juu chini uone inaelekea wapi. Kisha geuza na betri. Andika kwenye daftari ulichotarajia kabla ya kujaribu.