Nasoma siasa, nataka na Kifaransa, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 20, kwetu Kasulu, nipo mwaka wa kwanza chuo hapa Dar nasoma siasa, form six nilichukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Ndoto yangu ni mahusiano ya kimataifa na nataka niongezee Kifaransa, ila mpaka sasa najua bonjour tu. Baba anasema ni kupoteza hela, eti hata Rwanda wenyewe wameshakiacha. Je, nimechelewa?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hujachelewa hata kidogo. Na mzee usimbishie kwa ukali, maana kweli Rwanda tangu 2008 waliamua shule zifundishe kwa Kiingereza, ila Kifaransa hakiishii Rwanda. Wewe umekulia Kasulu, kambi ya Nyarugusu iko hapo hapo wilayani, ina wakimbizi wa Kongo na Burundi, na vyeti vyao vingi vya shule vimeandikwa Kifaransa, sasa anayeweza kuzisoma zile karatasi ana kazi ya kufanya bila hata kuvuka mpaka. Njoo bandarini Dar, mizigo ya Lubumbashi kule Kongo inapita hapa. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, tena ndo nchi yenye watu wengi kuliko zote humo, na serikali yao inaandika kwa Kifaransa. Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, imeshapokea kesi za Benin, Mali, Ivory Coast, zote hizo zinahitaji wakalimani na wanasheria wanaoelewa lugha. Yaani hata usiwaze Paris kwanza.

Ila nakuomba sana siasa usiiache. Kifaransa peke yake utashindana na Mrundi aliyekianza darasani akiwa mdogo, ukikiunganisha na siasa na Kiingereza chako ndo unakuwa mtu wa tofauti. Kwa hiyo nenda idarani kwako uulize kama wanaruhusu Kifaransa kiwe somo la hiari, UDSM kwa mfano wana idara ya lugha za kigeni na isimu. Chuo chako kikiwa hakina, Alliance Française wana madarasa hapa Dar. Baada ya digrii, ukitaka kuingia ndani zaidi kwenye mahusiano ya kimataifa, kuna Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji.

Sasa cheti. Mtihani unaoutafuta unaitwa DELF, una ngazi nne, kuanzia chini A1, A2, B1 na B2, na ukifaulu cheti hakiishi muda. Lenga B2. Kwenye mazungumzo ya B2 wanakupa habari fupi, labda inahusu kupiga marufuku magari katikati ya mji, unakaa nayo dakika 30 unaandaa hoja, halafu unaingia kwa watahini unaeleza msimamo wako na wao wanakubishia, dakika kama 20 hivi, na wewe unajitetea kwa Kifaransa. Hapo ndipo darasa lako la siasa litakusaidia kweli, maana wengi lugha wanayo ila hoja hawana. Alama zimegawanywa sawa, kusikiliza 25, kusoma 25, kuandika 25, kuongea 25, unahitaji jumla 50 na usipate chini ya 5 popote, kwa hiyo usiwe mtu wa kukariri sarufi tu halafu mdomo mzito.

Ya bure pia yapo. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana idhaa ya Kiswahili, sikiliza habari pale kwanza, ukishajua kimetokea nini hamia kwenye taarifa yao ya Kifaransa rahisi, ile ya Français facile, utashangaa unavyodaka maneno.

Kwa baba usiombe hela ya miaka yote, omba ada ya A1 tu, umletee cheti akishike mkononi, ndo uongelee A2. Na likizo ndefu ukirudi Kasulu tafuta mwalimu yeyote Mkongo au Mrundi aliyeko mjini, mwombe muongee Kifaransa tupu hata nusu saa kwa siku, wengi watafurahi kuulizwa.