Baghdad iliangushwa na nyimbo au na mfereji?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nasoma historia chuoni. Khatibu wetu alisema ukhalifa wa Bani Abbas ulianguka kwa sababu ya ulevi, nyimbo na wajakazi wa kasri. Mhadhiri wetu anataja kodi, mishahara ya askari na mifereji ya maji, wala Mungu hamtaji. Mtihani uko karibu. Nikiandika kama mhadhiri, nitakuwa nimeikana kadari?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Hujakana chochote, mwanangu. Anayesema fulani amekufa kwa malaria hajasema kwamba roho imetolewa na mbu. Allah humpa ufalme amtakaye na humvua amtakaye, lakini kuvua huko kuna njia zake, na Qur'ani yenyewe inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia.

Kwanza tarehe, maana hapo ndipo sisi wa mimbari tunapoteleza. Tunasimulia mwaka 1258, Hulagu wa Wamongolia kaingia Baghdad, khalifa al-Musta'sim kauawa, kama kwamba dola ililala nzima ikaamka imevunjika. Lakini tangu mwaka 945, Bani Buwayh, ukoo wa Kiajemi, walipoushika mji, khalifa alibakiwa na jina lake kwenye khutba na sarafu, amri wanazo wengine. Mwanahistoria anauliza kilichotokea kabla ya hapo. Ama waziri Ibn al-Alqami anayelaumiwa kuwafungulia Wamongolia mlango, mimi simpi uzito mkubwa. Walioshindwa hupenda sana kupata msaliti.

Rudi nyuma kwa khalifa al-Mu'tasim, aliyetawala karne nne kabla ya al-Musta'sim. Alijaza jeshi watumwa wa Kituruki, na mwaka 836 akahamia nao mji wa Samarra, kaskazini mwa Baghdad. Askari hao hawakuwa na ukoo wala mji wa kuwafunga na khalifa. Walifungwa na mshahara. Mwaka 861 wakamuua khalifa al-Mutawakkil, na kufikia 870 makhalifa wanne walikuwa wameshapokezana kiti. Mmoja wao, al-Mu'tazz, aliangamia kwa kukosa fedha za kuwalipa. Mikoa nayo ikaanza kujitawala, Misri ikiwa chini ya Ibn Tulun.

Mwaka 869, katika mabwawa ya karibu na Basra, wakaasi watumwa waliokuwa wakikwangua udongo wa chumvi ili matajiri wapate pa kulima. Waliitwa Zanj, jina lilelile Waarabu waliloipa pwani yetu, ingawa wanahistoria hawaafikiani ni wangapi hasa walitoka huku. Vita vilidumu miaka 14. Basra ilitekwa na kuporwa mwaka 871, na waliokufa humo wengi hawakuwahi kumiliki hata mtumwa mmoja. Sura ya al-Anfal inatuonya juu ya fitna isiyowapata waliodhulumu peke yao.

Kisha mfereji wa mhadhiri wako. Mwaka 937 Ibn Ra'iq, amiri mkuu wa Baghdad, alibomoa kingo za mfereji wa Nahrawan ili mafuriko yamzuie mpinzani wake Bajkam. Bajkam alifika Baghdad vilevile. Kilichopotea ni maji, na pamoja nayo mashamba yaliyolisha mji na kulipa kodi.

Sasa niambie, huo ni uchumi au ni dhambi? Soma al-Baqara aya ya 205: mtu akishapata madaraka, huenda mbio katika ardhi kufanya ufisadi na kuangamiza mimea na viumbe. Mimi nikiisoma aya hiyo namwona Ibn Ra'iq. Kosa la khatibu wenu, Allah amhifadhi, ni kuchagua dhambi nyepesi kuzisema. Nyimbo za kasri amezikemea. Mgongo wa mtumwa wa Basra hakuutaja.

Wanazuoni wetu hawakutenganisha mambo haya. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis aliyekuwa kadhi wa Kimaliki Cairo, alieleza katika Muqaddima, mwaka 1377, jinsi mshikamano uliowaleta watawala madarakani unavyolegea kizazi baada ya kizazi kwa starehe, na jinsi mali za watu zikinyang'anywa wanavyokata tamaa ya kulima na kuchuma, hazina ikakauka.

Lakini usigeuze jambo hili ukasema kila aliyeshindwa ni mwovu. Ngamia wa Mtume (s.a.w.) aitwaye al-Adhbaa alikuwa hashindwi mbio, mpaka bedui mmoja akaja na kijana wa ngamia akampita. Masahaba wakaumia. Mtume akawaambia ni haki kwa Allah kwamba hakipandi kitu cha dunia ila hukishusha. Yule ngamia alikuwa na dhambi gani?

Kwenye mtihani andika mishahara, Zanj na Nahrawan, na usisahau 945. Khatibu mfikishie salamu zangu, na ukitaka kumuuliza habari za Basra, mfuate kwa adabu baada ya swala.

Wallahu a'lam.