Fundi Akujibu: Joto la Kisumu, redieta ya gari na maji ndani ya kompyuta

Safari hii barua karibu zote zimekuja na jambo moja, watu wanataka kutoa feni waweke maji kwa desktopu. Nimechagua nne, mbili nimejibu kwa urefu juu zina mambo mengi.

Swali: Omera fundi, habari ya kazi. Niko Kondele hapa Kisumu, naedit video za harusi na matanga. Mashini yangu ni Ryzen 7 5800X na kadi ya grafiki ya RTX 3080, zote zinapoozwa na feni. Ikifika saa nane mchana nikiwa naekspoti, prosesa inaenda digrii 88 na kelele inakuwa mingi mpaka mteja akinipigia siwezi sikia. Nimeona watu wamejenga mfumo wa maji, mipira, tangi, redieta, inapendeza sana. Nina kama elfu sitini. Nikiweka maji joto litaisha?

Jibu: Omera, joto haliishi, linahama tu. Hiyo prosesa yako ikifanya kazi yote inaruhusiwa kuvuta hadi wati 142, kadi nayo wati 320, jumla ni zaidi ya wati 450 na hizo wati zote lazima zitoke zikae kwa chumba chako, iwe umeweka feni ama umeweka maji. Kazi ya maji ni kuchukua lile joto haraka kutoka kwa chipu na kulipeleka kwa redieta yenye nafasi kubwa, ndio feni zizunguke polepole. Alafu kuna kitu watu hawaambiwangi dukani: redieta haiwezi kushusha maji yakawa baridi kuliko hewa inayopita ndani yake. Kama chumba ni cha mabati na saa nane kiko 32, maji yako yatatulia kama 40 hivi ukiwa na redieta za kutosha, zikiwa kidogo yatapita hapo.

Kwa hizo mbili, kadi ndio itafaidika sana. Chipu yake ni kubwa, joto limetawanyika, kwa hivyo unaweza toka kwa 78 ukaingia kwa 50 na kitu. Prosesa ni hadithi ingine. 5800X imeweka kora zote nane (zile sehemu zinazofanya hesabu) kwa kipande kidogo cha kama milimita 81 za mraba, joto limesongamana hapo na kutoka ni shida ata ukileta bloku (kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya chipu maji yakipita ndani) ya bei gani, kwa hivyo usitegemee maajabu, utapata 70 na kitu. Na hiyo 88 unaona haichomi kitu, mwisho wake waliotengeneza wameweka 90, ila ikifika hapo inajipunguza mwendo na ndio maana ekspoti inachelewa.

Kwa hivyo kabla utoe ata shilingi, fanya hivi. Ingia BIOS (ile menyu ya bodi unayofungua kompyuta ikiwaka) uweke Eco Mode ya wati 65, hiyo 65 ni jina tu, hapo prosesa itavuta kama wati 88 badala ya 142 na kwa ekspoti utapoteza kidogo sana. Kwa kadi shusha kikomo cha umeme kifike wati 250 ama 260, tena unapoteza kidogo. Hapo umeondoa wati zaidi ya 100 kwa chumba, bure kabisa. Toa ile kesi ya kioo mbele kama ndio uko nayo, tafuta yenye wavu, na usiiweke mashini chini ya meza imegusa ukuta. Wengi wakifika hapa kelele inaisha na elfu sitini inabaki mfukoni.

Ukitaka maji bado, na si vibaya kutaka, mimi mwenyewe napenda sana mashini ya maji iliyojengwa vizuri, jua kwamba elfu sitini haitakufikisha kwa mfumo mzima. Bloku mbili, pampu ya maana kama D5, fitingi (viungio vya mipira) ambazo kila moja inalipiwa, na vitu vyenyewe vingi utaagiza nje juu ata Luthuli, ule mtaa wa maduka ya elektroniki pale Nairobi, utazunguka na upate nusu. Kwa redieta piga hesabu ya nafasi moja ya feni ya milimita 120 kwa kila wati 100 kama unataka kimya. Kwa wati zako hiyo ni redieta ya 360 (feni tatu) na ya 240 (feni mbili) pamoja, kwa hivyo pima kesi kwanza na tepu kabla ya kuagiza chochote.

Na wewe uko karibu na ziwa. Wale wadudu wa ziwa wakitoka usiku wanafuata taa, na hizo taa za rangi ndani ya kesi ndio wanataka. Mapezi ya redieta yamekaribiana sana, wakishaingia wanakauka mle, vumbi inashika juu yao na hewa haipiti tena. Weka wavu laini mbele ya kila redieta, ule unaotoka kwa urahisi, uwe unaupuliza.

Swali: Mulembe fundi. Niko Bungoma. Nina bloku ya maji ya RTX 3070, nimepata RTX 4070 kwa bei poa. Bloku itaingia ama nibadilishe skrubu tu?

Jibu: Mulembe. Haiingii, na skrubu haziwezi kusaidia. Bloku ya kadi inachongwa kufuata bodi yenyewe, mahali pa chipu, memori na vile vidude vya umeme, ata kadi mbili za jina moja kutoka kwa kampuni mbili tofauti zinaweza kukataa bloku moja. Hapa ndio kuapgredi mfumo wa maji kunauma, kila ukibadilisha kadi unanunua bloku mpya. Ya prosesa angalau inahama, bloku nyingi za AM4 (soketi ya zamani ya prosesa za AMD) zinakaa kwa AM5 (ile mpya) bila shida kama zinatumia ile bamba ya nyuma iliyokuja na bodi. Lakini 4070 ni kadi ya wati 200 pekee, kama feni zake ni nzuri mimi ningeiacha na feni zake nipeleke maji kwa prosesa peke yake.

Swali: Fundi sema. Mimi ni mwanafunzi hapa Nakuru. Vitu vya kuagiza ni ghali, nimeongea na fundi wa jua kali ananipea redieta ndogo ya hita ya gari kwa bei ya chini sana, bloku ya prosesa ninayo ya shaba. Kwa maji nilikuwa nataka kutumia ya borehole ya ploti yetu juu yako safi kabisa, nichanganye na kuulanti ya gari (ile dawa ya maji ya redieta). Inaweza?

Jibu: Ndugu, wazo la redieta ya hita si la kichaa. Wale walioanza mambo ya kupooza kompyuta na maji, kabla maduka hayajaanza kuuza vifaa vyake, walikuwa wanatoa hizo hizo kwa magari ya zamani. Neno kubwa hapo ni "zamani". Zile nzee zilikuwa za shaba na brasi, zimeunganishwa na risasi ya kuchomelea. Za magari ya siku hizi ni alumini zenye vichwa vya plastiki. Ukiweka alumini na bloku ya shaba kwa maji yaleyale umetengeneza betri, alumini inaanza kuliwa polepole, unga mweupe unatembea na maji na unaenda kujaza ile mifereji midogo ndani ya bloku, alafu siku moja redieta inatoboka juu ya kadi yako. Kwa hivyo beba kisu uende nacho, kwangua pembeni mahali pasipoonekana, ukiona rangi ya manjano ama nyekundu ya shaba chukua, ukiona nyeupe inayong'aa mwachie fundi. Ukichukua, ioshe ndani mara nyingi na maji moto mpaka maji yatoke safi bila mafuta na bila kutu, na uulize mapema fitingi utapata wapi juu midomo yake haifanani na nyuzi za G1/4 ambazo vifaa vya kompyuta vinatumia.

Maji ya borehole hapana. Maji ya ardhini huku Bonde la Ufa yamejaa madini, Nakuru inajulikana kwa floraidi inayotia meno rangi ya hudhurungi, na kuonekana masafi kwa glasi hakumaanishi hayana chumvi. Yakizunguka yakipata joto yanaacha ukoko kwa shaba na yanapitisha umeme vizuri. Nunua maji ya betri pale kituo cha mafuta, na soma kibandiko mara mbili, juu asidi ya betri inauzwa karibu nayo na chupa zinafanana.

Kuulanti ya gari iko na dawa ya kuzuia kutu, hiyo ni kweli, na watu wanatumia, lakini kidogo, sehemu moja kwa tisa za maji inatosha. Ukizidisha maji yanakuwa mazito na yanabeba joto vibaya. Nyingi zimetengenezwa na ethilini glaikoli ambayo ni sumu yenye ladha tamu, kwa hivyo chupa isikae mahali mtoto wa jirani ama mbwa anaweza fika, na ukimwaga usimwage kwa mtaro.

Nakuru mko na bahati ya baridi ya usiku. Ila pia mko juu, kama mita 1,850, hewa yenu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 17, na feni ikizungusha hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Usibane sana kwa idadi ya feni.

Kabla ya kuwasha kompyuta yenyewe, washa pampu peke yake. Chomoa nyaya zote za pawa saplai kwa bodi na kadi, kwa ile soketi kubwa ya pini 24 unganisha waya wa kijani na mweusi mmoja na kipande cha waya, pampu itazunguka na vingine vyote vitakuwa havina umeme. Kama waya zote ni nyeusi tafuta mchoro wa pawa saplai yako kwanza, usibahatishe. Weka tishu nyeupe chini ya kila fitingi, uache usiku na mchana mzima. Tishu ikilowa ata tone moja, zima ukaze, uanze kuhesabu upya. Na pampu isizunguke ikiwa kavu ata dakika, tangi likae juu yake na lijae kwanza.

Swali: Fundi shikamoo. Niko Kakamega, nilinunua kompyuta ya maji kutoka kwa jamaa aliyekuwa anahama. Maji yalikuwa ya bluu saa hii ni kama maziwa, na prosesa imepanda kutoka 65 hadi 85 kwa miezi michache. Pampu nasikia inazunguka. Ni kuongeza maji tu?

Jibu: Marahaba dada. Usiongeze, toa yote. Kama mipira yako ni ile laini inayoona ndani, kile kilainishi cha plastiki kinatoka polepole kikichanganyika na rangi, na vyote vinaenda kujikusanya kwa mahali pembamba zaidi, yaani ndani ya bloku ya prosesa. Zima, chomoa stima, shusha maji kwa ndoo. Fungua bloku, utaona vijimapezi vya shaba vyembamba sana vimepangwa kama meno ya kitana, na katikati yake utando mweupe wa kunata, huo ndio umekuzibia. Piga picha kabla ya kutoa vipande ndani juu kuna kimoja kikigeuzwa maji yanapita vibaya. Tumia mswaki laini wa zamani na sabuni ya vyombo, fuata mstari wa mapezi usikate kwa upande. Usiguse sehemu ya kioo cha akriliki na spiriti, itapasuka vinyufa. Angalia ule mpira mweusi wa duara kama umekauka ama umekatika.

Redieta ijaze maji ya betri yaliyopashwa moto kidogo, tikisa, mwaga, rudia mpaka yatoke bila chembe. Mipira yote ya kuona ndani itupe uweke mieusi ya EPDM (aina ya raba), hiyo haitoi uchafu na mwani hauoti juu mwanga haupiti. Themo pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na bloku, weka mpya. Maji nayo yawe yale ya wazi yasiyo na rangi, yenye dawa ya kuzuia kutu na vijidudu, uwe unabadilisha kila mwaka. Ukimaliza na kujaribu vile nimemwambia huyo wa Nakuru, ipe mashini kazi nzito kwa nusu saa kabla usome joto, juu lita moja ya maji inachukua muda kupata moto na dakika tano za kwanza zitakudanganya. Na kama baada ya wiki mbili maji yamebadilika tena, kuna mpira wa zamani umebaki mahali, angalia ule mfupi kati ya tangi na pampu.