Gari la mbao la mzinga wa pambo: kwa nini mdomo unaangukia mbele na magurudumu yanapasuka

SWALI: Fundi, salaam. Baada ya kuitazama mizinga ya Ngome ya Yesu hapa Mombasa, nimetengeneza mfano wake kwa bomba la chuma la urefu wa mita moja, si wa kufyatulia bali pambo la uani. Umekaribia kilo 70. Gari lake la mbao limenishinda: kila nikiuweka, mdomo unaangukia mbele, na magurudumu mawili niliyoyakata kwenye ubao wa mvule yamepasuka katikati kabla hata ya kupakwa rangi. Je, niache magurudumu manne madogo nitumie mawili makubwa yenye miti, kama ya mkokoteni?

JIBU: Ndugu msomaji, baki na manne. Magurudumu mawili makubwa ni ya mizinga ya nchi kavu iliyokokotwa na farasi, na kuyaunda vizuri ni ufundi wa peke yake. Gari la magurudumu manne madogo ndilo la melini na ngomeni, na ni umbo la zamani sana: meli ya Kiingereza Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na mizinga iliyokaa juu ya magari ya namna hii.

Sasa hilo la kuangukia mbele. Usiguse mbao kwanza. Upime mzinga wenyewe. Uning'inize juu ya vihimili viwili ukikalia yale masikio yake, yaani vile vipande viwili vya mviringo vinavyotokeza ubavuni, kisha weka mzani wa jikoni chini ya kitako chake, yaani ncha yake ya nyuma. Mzinga uliotengenezwa sawasawa huwa mzito kidogo upande wa nyuma, hivyo mzani utasoma kilo mbili tatu au zaidi. Mzani usiposoma kitu na mdomo ukashuka, basi masikio umeyachomelea nyuma mno, na hakuna gari litakaloponya hilo. Kwa kuwa mzinga wako ni pambo, dawa yake ni nyepesi: mimina zege ndani ya bomba upande wa nyuma mpaka uzito uhamie huko. Kwa kufanya hivyo utakuwa pia umelizima kabisa, jambo ninalolisisitiza, kwa sababu bomba la kuchomelea halikuundwa kustahimili mlipuko wa baruti, na mzinga unaofyatuka unakuingiza katika sheria za silaha. Mdomo nao uzibe, maji ya mvua yasituame humo.

Ikiwa mzani umesoma vizuri, kosa liko kwenye gari. Mhimili wa magurudumu ya mbele unatakiwa ukae karibu chini kabisa ya masikio, maana hapo ndipo uzito karibu wote unaposhukia. Ukiusogeza nyuma hata kwa upana wa kiganja, gari lenyewe linabinuka pamoja na mzinga wake, nawe utadhani ni mzinga. Kitako cha mzinga kikalie kabari ya mbao, ambayo ukiisukuma ndani mdomo unashuka na ukiivuta nje unapanda.

Mbavu mbili za gari zichonge kwa mbao zenye unene unaolingana na kipenyo cha masikio. Kama masikio ni sentimita tano, mbavu ziwe sentimita tano. Watu wengi huzisimamisha sambamba, halafu wanashangaa kwa nini mzinga unacheza mbele. Mzinga ni mnene nyuma na mwembamba mbele, kwa hiyo mbavu zikaribiane kidogo kuelekea mdomoni. Zile ngazi unazoziona nyuma ya mbavu za magari ya kale si urembo: mabaharia walikuwa wakiegemeza mitaimbo hapo kuinulia kitako. Zifungeni mbavu kwa bolti zilizopakwa zinki au za chuma kisichoshika kutu, kwani chumvi ya Pwani haina huruma na misumari ya kawaida.

Kuhusu magurudumu, nami niliwahi kuunda manne kwa ubao mmoja mmoja, kwa ajili ya lango la hoteli fulani, na kaskazi ya kwanza ilipovuma yakapasuka kama ulivyosimulia. Ubao ukikauka husinyaa kwa upana, wala si kwa urefu, hivyo gurudumu la kipande kimoja hujivuta upande mmoja tu mpaka lichanike kufuata nyuzi zake. Kata duara tatu za milimita 15 kila gurudumu, mbao zikiwa zimekaushwa vizuri, uzigandamize nyuzi za ile ya katikati zikikatiza za wenzake, tumia gundi isiyoogopa maji, kisha uzishike kwa bolti nne. Tundu la katikati liache nafasi ya milimita mbili, ulipake grisi.

Melini magurudumu ya mbele yalikuwa makubwa kuliko ya nyuma, kwa sababu sitaha huteremka kuelekea ubavuni ambako mdomo wa mzinga umeelekezwa. Uani kwako sakafu ni sawa, kwa hiyo yote manne yawe ya sentimita 18. Ukiyapenda ya asili, ongeza sentimita mbili kwa ya mbele tu, na kabari uichonge nene zaidi ili mdomo usiangalie juu mno.